Pumzi na Mlango Wake

Nahodha wa jahazi anayeondoka Malindi ya Unguja wakati wa kusi hana haja ya kufundishwa kuwa upepo mwingi si neema tupu. Tanga likijaa kupita kiasi, mlingoti hulia, foromali hupinda, na chombo huinamia upande mmoja hata maji yakachungulia ndani. Hapo mkono wake huiendea demani, ile kamba inayolizuia tanga, akailegeza kidogo. Upepo uliozidi hupita pembeni, chombo hunyooka na safari huendelea. Hakuna abiria amsifuye nahodha kwa kulegeza kamba; lakini asipoilegeza, wa kusimulia watakuwa ni waliobaki pwani.

Ndani ya injini za magari mengi yanayokatiza leo barabara za Unguja mna demani ya aina hiyo. Ni kilango kidogo kilichojificha mahali pa joto na masizi, ambapo jicho la mwenye gari halifiki. Kazi yake ni kuiachia pumzi iliyozidi. Kikiharibika, gari hupoteza nguvu zake, au hupata nguvu lisizozimudu. Na katika hali zote mbili lawama aghalabu huiangukia mashine kubwa inayopuliza hewa, ambayo mara nyingi haina kosa.

Mashine hiyo mafundi huiita tabo. Wenye masihara huivuta ile silabi ya kwanza na kuigeuza ya mwisho, ikawa taabu, na mwenye gari aliyekwisha kuambiwa kwamba tabo yake imekufa huwa hana hamu ya kucheka. Umbile lake si gumu kulifahamu. Ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa katika ncha mbili za mtaimbo mmoja mwembamba. Gurudumu la kwanza limekaa katika njia ya moshi unaotoka injini, na la pili katika njia ya hewa inayoingia. Moshi hutoka kwa joto na kasi, hulizungusha la kwanza, na la pili nalo huzunguka kwa kuwa mtaimbo ni mmoja. Huvuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya silinda. Injini iliyopata hewa nyingi huweza kuunguza mafuta mengi, na gari dogo likavuta mzigo wa gari kubwa. Mtaimbo huo, gari linapovuta kwa nguvu, huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili.

Aliyeipatia fikra hiyo hataza, huko Ujerumani mwaka 1905, alikuwa mhandisi wa Kiswisi aitwaye Alfred Büchi. Mpenzi wa taarab atakumbuka kuwa mwaka huohuo ndipo ilipoasisiwa hapa mjini klabu ya Nadi Ikhwan Safaa. Mambo hayo mawili hayakujuana, lakini yanaweza kukutanishwa kwa akodiani, ambayo baadaye ikawa miongoni mwa ala za taarab ya Unguja. Akodiani ina kitufe kimoja kisichotoa sauti yoyote. Mpigaji hukibonyeza anapotaka kuufunga au kuufungua mfuko wa hewa bila ya noti kulia. Msikilizaji hakioni wala hakisikii, lakini bila ya kitufe hicho mpigaji angebaki na mfuko uliojaa pumzi isiyo na pa kwendea ilhali wimbo umekwisha.

Kilango cha tabo nacho kina kazi kama hiyo, na kipo cha aina mbili. Cha kwanza kipo upande wa moshi. Pembeni ya tabo huwa pana kikopo cha bati chenye springi na utando wa mpira ndani yake, na mpira mwembamba unaoleta pumzi kutoka upande wa hewa iliyoshindiliwa. Pumzi ikifikia kiwango alichokipanga mtengenezaji, huusukuma utando, utando husukuma fimbo, fimbo hufungua kilango, na sehemu ya moshi hupita kando bila ya kuligusa gurudumu. Gurudumu halizidishi tena kasi, na hewa haizidi mpaka wake. Gari la Oldsmobile Jetfire lililotoka Marekani mwaka 1962, miongoni mwa magari ya mwanzo kabisa ya abiria kuuzwa na tabo, lilikuwa tayari na kilango cha namna hiyo. Waundaji walikwisha kutambua kuwa kuipa injini pumzi ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kujua pa kuikomesha.

Kilango cha pili kipo upande wa hewa, na hupatikana zaidi katika magari ya petroli. Dereva anapoachia mafuta ghafla, kijibamba kinachoruhusu hewa kuingia injini hujifunga. Hewa iliyokwisha kushindiliwa hukosa njia, hurudi nyuma, na kulipiga gurudumu ambalo bado linazunguka kwa kasi. Kilango hufunguka papo hapo na kuirudisha hewa ile mwanzo wa safari yake, kabla ya gurudumu. Baadhi ya watu hukiita vali ya mchepuko, na vijana hucheka kwa kuwa neno hilo mitaani limeshapewa maana nyengine. Lakini jina linafaa: ni njia ya kando inayorudi katika njia kuu.

Kilango hiki cha pili kina maradhi yake ya kisasa, yanayoletwa na mapenzi ya sauti. Kijana mwenye Subaru ya petroli hukitoa kile cha kiwandani, kinachoirudisha hewa kimyakimya, akaweka kinachoitema nje kwa mlio wa kishindo, ili kila akibadilisha gia mtaa mzima ujue. Magari mengi ya aina hiyo yana kipimo kinachoihesabu hewa mara tu inapoingia, na kompyuta ya gari hutoa mafuta kwa hesabu hiyo. Hewa iliyokwisha kuhesabiwa ikitupwa nje, mafuta yake bado huja. Injini hupata mafuta mengi kuliko hewa, hukohoa baina ya gia na gia, hutoa moshi mweusi, na pengine huzimika gari linapofika katika makutano ya njia. Kijana huenda kwa fundi kulalamikia plagi na pampu ya mafuta. Dawa ni kukirudisha kilango cha mwanzo, lakini fundi anayemwambia hivyo huonekana hajui mambo mapya.

Visiwani yapo pia mambo ambayo si ya makusudi ya mtu. Magari mengi hushushwa bandarini yakiwa yameshatumika miaka kadhaa Japani. Mipira yake imekwisha kuonja joto na oili kwa muda mrefu, na hapa hukutana na jua kali na hewa ya chumvi. Mpira hukauka, ukapata nyufa nyembamba kama mistari ya kiganja. Fimbo ya kikopo hushika kutu ikawa haitembei. Bawaba ya kilango hujaa masizi, kikabaki wazi au kikabaki kimefungwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika gereji nyingi hutokea jambo la ajabu zaidi: ukuta hujengwa kwanza, kwa gharama kubwa, na ufa ukabaki palepale bila ya kutazamwa.

Kipo kisa kimoja cha Ng'ambo kinachofaa kuelezwa, bila ya majina, kwa kuwa wahusika wake ni watu wa kukutana harusini na sokoni. Mwanamke mmoja mjane wa Jang'ombe alinunua Toyota Hiace ya dizeli yenye tabo kwa kiinua mgongo cha marehemu mumewe. Gari likawa daladala la mjini na Nungwi, mwendo wa kilomita zipatazo 60 kwenda tu. Dereva wake alikuwa mtoto wa kaka yake, kijana mwepesi na mwenye adabu, aliyemletea shangazi hesabu yake kila jioni bila ya kukosa. Kisha gari likaanza kuwa zito. Likatoa moshi mweusi, likashindwa kupita baiskeli kwenye miinuko, na abiria wakawa wanaliacha likipita.

Gereji mbili zilitoa hukumu moja: tabo imekufa. Gereji ya pili ilikwenda mbali zaidi ikataja bei ya tabo iliyotumika, ya kuletwa kwa boti kutoka Gerezani, Dar es Salaam. Mama yule hakuwa na fedha za kiasi hicho. Alikuwa na bangili mbili za dhahabu alizovishwa siku ya harusi yake, na alikwisha kuzitoa sandukuni na kuzifunga katika leso. Jirani mmoja ndiye aliyemsihi alipeleke gari kwanza kwa mzee mwengine, upande wa Kwahani.

Mzee huyo alikuwa na gereji chini ya mkungu, benchi moja na wanafunzi wawili. Ujanani mwake alipiga akodiani harusini, na waliomjua walisema kuwa sikio lake halikustaafu pamoja na vidole. Sikio lililozoea kuukamata mshororo uliopungukiwa na mizani moja, hata kama msomaji ameupitisha kwa sauti tamu, halishindwi kuikamata injini inayovuta pumzi pungufu.

“Shikamoo, mzee,” alisema kijana.

“Marahaba, mwanangu. Gari ina nini?”

“Tabo imekufa.”

“Aliyeiosha maiti nani?” aliuliza mzee, na wanafunzi wake wakacheka. “Kaa kwanza. Niambie ilivyoanza.”

Aliuliza maswali mengi kabla ya kugusa spana. Nguvu zilipungua kidogokidogo au kwa siku moja? Siku hiyo palisikika kishindo? Gari lilikuwa na abiria wangapi, na lilikuwa linapanda au linateremka? Oili inapungua? Kabla ya kuwa zito, lilikuwaje? Kijana alijibu yote kwa ufasaha isipokuwa hilo la mwisho, ambalo alilijibu kwa ufupi kuwa lilikuwa zuri tu. Mzee hakusema kitu. Alichojifunza ni kwamba nguvu ziliondoka kwa siku moja, pakiwa na mlio kama wa tairi linalotoka upepo, na kwamba oili haipungui. Tabo inayokufa kwa uchakavu aghalabu hunywa oili na kupiga kelele siku nyingi kabla ya kufa.

Waliinua kiti cha mbele, kwani injini ya Hiace ya aina ile hukaa chini yake. Mzee alilifungua bomba la hewa, akaingiza vidole viwili, akaushika mtaimbo wa tabo. Akautikisa upande kwa upande, ukacheza kidogo sana, kama inavyotakiwa. Akauvuta na kuusukuma, haukusogea. Akaangalia kama mapanga yamekwaruza ukuta wa nyumba yake, akakuta ni safi. “Maiti yenu inapumua,” alisema.

Kisha akatoa kifaa alichokitengeneza mwenyewe: kifuniko cha bomba la plastiki, kilichotobolewa katikati na kutiwa vali ya tairi. Akakifunga kwenye mdomo wa njia ya hewa, akatia upepo taratibu, kiasi cha nusu baa tu, kwa kuwa upepo mwingi ungeharibu hata kilicho kizima. Mwanafunzi mmoja alipiga povu la sabuni ya kufulia na kulipaka katika kila kiungo kwa brashi. Walingoja. Chini ya mpira mnene unaoliunganisha bomba la hewa na injini, mahali ambapo jicho halioni ila kwa kioo, povu likaanza kuchemka. Ulikuwapo mpasuko wa urefu wa kidole kidogo. Hewa iliyoshindiliwa kwa taabu na tabo nzima ilikuwa inamwagikia hapo, na mafuta yaliyokosa hewa ndiyo yaliyokuwa yakitoka kama moshi mweusi.

Kijana alifurahi, akataka mpira ubadilishwe awahi zamu ya alasiri. Fundi wa haraka angeishia hapo, na kwa kweli asingelaumiwa, maana ugonjwa umeonekana na dawa yake ni rahisi. Mzee alimzuia.

“Ufa tumeuona. Aliyeupasua hatujamwona.”

Mpira ule haukuwa wa zamani sana. Ulikuwa umevimba pande zote mbili za mpasuko, dalili kuwa haukuchoka bali ulilemewa. Mzee akakigeukia kikopo cha kilango. Akauchomoa mpira mwembamba, akaunganisha pampu ya mkono yenye geji, akasukuma pumzi moja kwa moja ndani ya kikopo. Fimbo ikatembea vizuri, na alipoacha kusukuma, mshale wa geji ulisimama pale pale. Utando ulikuwa mzima, springi nzima, kilango kinafunguka. Basi kwa nini pumzi ilizidi? Akauokota ule mpira mwembamba alioutoa, akautia mdomoni, akapuliza. Pumzi haikupita. Alipoubonyeza kwa vidole, katikati pakawa pagumu. Ndani yake mlikuwa na kipande cha msumari kilichokatwa kwa ustadi, kikaingia barabara.

Ujanja huo unajulikana katika magereji ya nchi nyingi. Msumari ukiziba mpira, kikopo hakipati habari ya pumzi iliyomo ndani; fimbo haisogei, kilango hakifunguki, na tabo huendelea kupuliza bila ya mpaka. Wiki za mwanzo gari hupaa. Hupita mengine, huwahi vituo, huchukua abiria wa wenzake. Lakini kila kitu baina ya tabo na pistoni huwa kinabeba mzigo ambao hakikuundiwa. Joto hupanda. Katika dizeli, silinda hedi huweza kupasuka. Katika petroli, mafuta huripuka kabla ya wakati wake na pistoni zikatoboka. Gari la shangazi lilikuwa na bahati. Kilichosalimu amri kwanza kilikuwa ni mpira, nao kwa kupasuka kwake uliachia pumzi iliyonyimwa mlango, na huenda uliiokoa injini nzima.

Mzee aliwatuma wanafunzi wote wawili kwenda kununua kahawa, ingawa mmoja angetosha. Walipokwisha kuondoka alimwonesha kijana kile kipande katika kiganja.

“Mwanangu, msumari hauoti mpirani.”

Kijana alikaa kimya. Mwishowe alisema kwamba hesabu haipungui, mvua inyeshe au jua liwake, abiria wapo au hawapo. Kwamba njia ya Nungwi ina magari mengi, na anayechelewa hukuta watu wameshachukuliwa. Kwamba rafiki yake alimfundisha, na yeye alitaka tu asirudi nyumbani mikono mitupu mbele ya shangazi yake. Hakulia wala hakujitetea zaidi.

Hapo fundi alikuwa na mambo mawili yasiyokaa pamoja kwa urahisi. Watu wa pwani wamelelewa kumsitiri mtu aliyeteleza, na anayefichua aibu ya mwenziwe bila ya haja huhesabiwa kuwa ameitenda mwenyewe. Lakini gari lilikuwa la mjane, na ndani yake walikuwa wakipanda watoto wa skuli na wagonjwa wanaoteremshwa mjini. Sitara inayoacha hatari ndani ya gari haina tofauti na ule msumari: imeziba njia ambayo habari ilipaswa kupita. Na kumwambia mama yule kila kitu pale pale, mbele ya wanafunzi na majirani, kungemvunja kijana ambaye labda angetengenezeka.

“Mimi nitamwambia shangazi yako kilichopasuka,” alisema mzee. “Kilichopasua utamwambia wewe. Leo Jumatatu. Ikifika Ijumaa hajajua, nitakwenda mwenyewe.” Akakifunga kipande cha msumari katika karatasi, akampa.

Mpira mnene ulibadilishwa, na mwembamba ukawekwa mpya. Kwa kuwa kazi isiyojaribiwa huwa ni maneno, mzee aliunganisha geji kwa mpira mrefu mpaka mbele ya macho yake, wakalitoa gari kupitia Mtoni hadi Bububu, wakaingia njia inayopanda kuelekea Kidichi. Unguja haina milima, na mwinuko huo ndio mafundi wa mjini wanaoutumia kama mizani. Kijana alikanyaga mafuta. Mshale ulipanda, ukafika pale kitabu cha gari kilipotaja, ukasimama. Mguu uliendelea kukanyaga na mshale haukusogea tena. Kilango kilikuwa kimefunguka. Nyuma yao hapakuwa na moshi. Malipo ya mzee yalikuwa ni bei ya mipira miwili na ujira wa nusu siku, na bangili zikarudi sandukuni.

Kijana alisema siku ya Alhamisi, baada ya sala ya Isha. Aliiweka ile karatasi juu ya meza na kueleza. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili, kisha akaingia ndani bila ya neno. Siku ya pili hakumpa ufunguo. Badala yake aliwatembelea wanawake wawili aliowajua, wenye magari katika njia hiyohiyo, akawauliza hesabu zao. Akagundua kuwa yake ilikuwa kubwa kuliko zote. Aliipanga mwenyewe mwaka alionunua gari, wakati wa msimu wa wageni, na tangu hapo hakuwahi kuipunguza hata siku moja ya masika. Hakuna aliyemwambia kuwa imezidi, kwa kuwa kijana alikuwa akiileta.

Wengi wanaohadithiwa kisa hiki hupenda kuishia kwenye msumari, kwa kuwa msumari una mkosaji, na mkosaji huupa mkasa mwisho. Lakini fundi aliyefuata njia kutoka moshi hadi mpasuko, na kutoka mpasuko hadi msumari, aliacha hatua moja ambayo haikuwa yake kuikanyaga, na mwenye gari akaikanyaga mwenyewe. Hiyo ndiyo faida kubwa ya uchunguzi wa taratibu. Haupunguzi gharama tu. Humzuia mtu asimwadhibu aliyepasuka kwa kosa la aliyelemeza, na asimsamehe aliyelemeza kwa kuwa yu mbali na mahali palipopasuka. Magereji mengi sasa yana mashine zinazosoma makosa ya gari kwa tarakimu, nazo ni msaada mkubwa. Mashine hutaja kuwa pumzi imepungua au imezidi. Haisemi ni mpira upi, na haijui habari ya hesabu za jioni.

Jumamosi asubuhi kijana aliitwa na kupewa ufunguo, pamoja na daftari jipya la skuli lililopigwa mistari kwa rula. Katika ukurasa wa kwanza shangazi yake alikuwa ameandika hesabu mbili, moja ya siku za jua na nyengine, ndogo zaidi, ya siku za mvua. Chini yake palikuwa na fungu la tatu la shilingi chache kila wiki, lisilotakiwa kuguswa kwa jambo jengine lolote. Juu ya fungu hilo aliandika neno moja: mipira.